Wanaolala Kondeni

Saa nne usiku, nyuma ya kinyozi pale Garsen, stima imerudi baada ya kupotea mchana kutwa, kompyuta ikaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Mapigano kati ya mchezaji na mchezaji, kwa siku, yawe mangapi? Pembeni palikuwa na nafasi ya kuandika tarakimu. Ni hivyo tu, kama karani anavyokuuliza una watoto wangapi.

Programu iliyouliza inaitwa LORDCFG. Kazi yake ni kuseti mchezo wa Legend of the Red Dragon kabla watu hawajafunguliwa kuucheza. Maswali mengine nilikuwa nimeyajibu mbio mbio. Mapigano ya msituni kwa siku, 15. Mchezaji asiyeonekana afutwe baada ya siku ngapi, 30. Lakini hapa nikatoa mkono kwenye kibodi. Katika mchezo huu, kupigana na mwenzako mara nyingi ni kumvamia akiwa amelala. Na mimi ni mtoto wa Tana Delta.

Najua hapa tumezoea kuhakiki riwaya na diwani. Ila huu ni mchezo wa maneno matupu. Hauna picha za kusogea, hauna muziki wa kukubembeleza. Mtu anayeucheza anasoma, anachagua herufi moja, anasoma tena. Kitu kinachosomwa kina haki ya kuhakikiwa. Tena mimi nimeusoma kwa njia ambayo mchezaji wa kawaida haipiti: nimeusoma kwa kuuseti. Na nilichokiona kwenye mipangilio sikukiona nilipokuwa nacheza tu.

Tuanze na kijiji chenyewe. Mwaka 1989 Mmarekani kijana, Seth Able Robinson, alitoa mchezo wa kijiji kinachosumbuliwa na joka jekundu. Unaamka asubuhi pale kijijini bila sifa yoyote. Kuna msitu wa kwenda kuua madude na kuokota dhahabu. Kuna benki. Kuna mganga. Kuna duka la silaha, na duka la deraya la mtu aitwaye Abdul (watu wa Garsen walilipenda hilo papo hapo; kila Abdul mjini ameshaombwa punguzo). Kuna uwanja wa mafunzo ambapo unapambana na mwalimu wako ili upande ngazi. Ngazi ni 12, na ukifika ya juu ndipo unaruhusiwa kumtafuta joka. Kuna nyumba ya wageni yenye baa, na humo mhudumu aitwaye Violet pamoja na mshairi mwimbaji aitwaye Seth Able. Ndiyo, mwandishi amejiingiza mwenyewe, akajipa kazi ya kuimba.

Ukimuua joka unakuwa shujaa, jina lako linaandikwa, kisha unarudishwa ngazi ya kwanza. Sifa unabaki nayo, nguvu zinaondoka. Nimesoma riwaya nyingi zinazohofia kufanya hivyo kwa mhusika mkuu.

Mchezo huu haukutengenezwa kwa intaneti. Ulitengenezwa kwa BBS, na lazima nieleze hapa maana kila kitu kinatokana na hilo. BBS ni ubao wa matangazo ulio ndani ya kompyuta. Kompyuta moja iko nyumbani kwa mtu, imeunganishwa na laini ya simu kupitia modemu. Unapiga namba, inapokea, mnaandikiana. Ya kwanza iliwashwa Chicago mwezi Februari 1978 na Ward Christensen na Randy Suess. Laini ilikuwa moja, kwa hiyo mgeni alikuwa mmoja. Wa pili akipiga anapata mlio wa kumwambia kuna mtu ndani.

Ubao wenyewe ulijua barua, matangazo na kugawa mafaili. Michezo ilikuwa programu za nje, zimeandikwa na watu wengine, na mwenye ubao ndiye aliyezipachika. Waliziita milango. Ubao unakufungulia, unatoka kwake, unaingia kwenye programu nyingine kabisa, na ukimaliza unarudi ulikotoka kama vile hukuondoka.

Teknolojia hiyo ilifika kwetu, ila haikuja kucheza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo cha mashirika ya mazingira cha ELCI pale Nairobi kilikuwa na kompyuta ya mtandao wa Fido, ule ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984. Kilibeba barua za mashirika hadi London kwa GreenNet, na kutoka huko zikasambaa. Simu wakati huo ilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali la posta na simu, na ya masafa ililipiwa kwa kila dakika. Nani angepigana na joka kwa bei hiyo? Mpaka simu ilipofika mfukoni mwa kila mtu, miaka ya 2000, huko zilikozaliwa bao hizo zilikuwa zimeshazimwa kwa maelfu.

Lakini sisi ni watu wa menyu, tusijidanganye. Tumekuzwa na nyota, namba, reli. Chagua 1 kutuma pesa, chagua 2 kutoa. Ukichelewa kujibu, unaambiwa muda umekwisha, anza upya. Nilipowaonyesha vijana wa maskani skrini nyeusi yenye maneno na herufi za kuchagua, hakuna aliyeuliza inatumikaje. Mwendesha boda mmoja alisema tu, "Hii si kama kutuma pesa, ila unatuma upanga."

Kwa hiyo nikaseti ubao Garsen. Modemu sina, na laini ya simu ya waya sikumbuki niliona lini. Nina kompyuta kuukuu niliyoinunua kwa cyber iliyofungwa, yenye Windows ya biti 32. Hilo ni muhimu: Windows za biti 64 hazikubali kabisa programu hizi za zamani za DOS. Juu yake nimeweka Synchronet, programu ya ubao isiyolipiwa ambayo bado inatunzwa hadi leo. Pembeni kuna ruta isiyo na intaneti yoyote. Ukiwa karibu na kinyozi, simu yako inashika ruta, unafungua programu ya telnet, umeingia. Hakuna bando linaloliwa. Ukivuka barabara, umekatika.

Sasa tufike kwenye kuseti, ambako ndiko nilikoanza kuusoma mchezo vizuri.

Mlango haumjui mgeni. Programu ya mchezo imeandikwa na mtu mwingine, haiwezi kusoma daftari la ubao. Basi kabla ubao haujamtoa mtu, unaandika faili dogo la maandishi, unaliacha mahali mlango utaliona. Mashuhuri zaidi linaitwa DOOR.SYS, mistari 52. Mimi naliita barua ya chifu. Kila aliyewahi kwenda kutafuta kitambulisho anaijua barua hiyo: huyu ni fulani, anatoka kwangu, naomba umhudumie.

Mstari wa kwanza unataja mlango wa waya ambao mgeni amepitia. Siku ya kwanza niliukosea, ukaandikwa sifuri, na sifuri maana yake mtu yuko hapo hapo mbele ya kompyuta. Matokeo yake mchezo ulifunguka kwenye skrini yangu, ukamkaribisha mgeni kwa jina lake, ukamwonyesha kijiji, na mgeni mwenyewe yuko kwa kinyozi anatazama simu nyeusi ti. Anabonyeza, hakuna kitu. Nilicheka, kisha nikaona ni jambo la kawaida kwetu: hadithi yako inasimuliwa chumba kingine, kwa jina lako, wewe hupo.

Mstari wa 10 ni jina. Wa 11 ni mahali unakopigia. Wa 12 na wa 13 ni simu ya nyumbani na ya kazini. Wa 14 ni neno lako la siri, limeandikwa wazi wazi, mwandishi wa mlango wowote aweze kulisoma. Wa 18 na wa 19 ni muda uliobakiwa nao, kwa sekunde halafu kwa dakika. Ukiisoma barua hiyo polepole unaona jamii iliyoiandika: watu waliokuwa na simu ya nyumbani na ya kazini, walioaminiana hadi kupeana siri, na wasiokuwa na muda.

Kuna barua nyingine iitwayo DORINFO1.DEF. Hiyo inataka jina la kwanza mstari mmoja na la ukoo mstari wa pili, basi. Kwetu mtu ana lake, la baba na la babu, na hakuna la ukoo katikati yao. Kukata ni kuchagua nani aachwe nje. Na Tana River jina la babu si pambo. Ndilo linalosema wewe ni wa mto au wa ng'ombe, Mpokomo au Muorma, kabla hujafungua mdomo. Nilichofanya ni kumpa kila mtu jina la utani, nikaseti ubao uandike hilo tu kwenye barua. Mahali nikaandika GARSEN kwa wote. Wakaingia Kiboko, Mamba Mdogo, Sultani, Mama Maembe na wengine. Naomba ukumbuke majina hayo.

Tuje kwenye lile namba 15.

Kila siku una mapigano 15 ya msituni. Yakiisha umechoka, rudi kesho. Mchezaji wa leo aliyezoea michezo isiyokwisha ataona ni ubahili. Mimi nasema hapo ndipo palipo usanii wote wa Robinson. Laini ilikuwa moja. Mtu akikaa humo saa tatu, wengine wote wanapata mlio wa shughuli. Ilibidi kila mmoja apewe kipande chake cha siku aondoke. Umaskini wa laini ukazaa umbo, kama vile hadithi ya redio inavyokatwa kwenye utamu kwa sababu taarifa ya habari imefika.

Nililijaribu. Mimi sina laini ya kugombania, ruta yangu inabeba watu kumi bila shida. Wiki ya pili nikaweka 200. Sultani, ambaye hana kazi kama mimi, alikaa nyuma ya kinyozi siku mbili mfululizo, akamuua joka, akarudi ngazi ya kwanza, akaanza kumsaka tena. Wengine walioingia jioni walikuta kijiji cha mtu mmoja. Siku ya nne walioingia walikuwa wawili. Nilifuta, nikarudisha 15, nikaanza upya. Sasa waendesha boda wanacheza dakika kumi asubuhi kabla ya safari ya kwanza ya Minjila, na mchana kutwa wanabishana juu ya dakika hizo kumi. Mchezo ni ule wa dakika kumi. Hadithi ni ile ya mchana kutwa. Sisi tunaojua bando la siku linavyokufa saa sita usiku hatuhitaji kufundishwa maana ya kesho.

Hadi hapo nausifu, na sifa hizo siziondoi. Sasa nirudi kwenye swali la mwanzo.

Ukitaka kuondoka, unalala. Una mahali pawili. Unaweza kulipia chumba kwenye nyumba ya wageni, au ukiondoka hivi hivi, umelala kondeni. Aliyelala kondeni, mchezaji yeyote anaweza kumkuta na kumshambulia. Wewe hupo, uko kazini au msikitini au kanisani. Mtu wako kijijini anapigana kwa niaba yako, na akishindwa, dhahabu iliyokuwa mkononi inachukuliwa na umekufa hadi kesho. Chumba nacho si ngome. Muuaji akimhonga mwenye baa, anapewa ufunguo. Asubuhi yake kuna ukurasa wa habari za kijiji: nani alimuua nani, pamoja na kejeli ya mshindi.

Usiku ule wa kwanza nilipotoa mkono kwenye kibodi, baadaye niliurudisha nikaandika 3, kwa kuwa nilitaka kuuona mchezo kama mwenyewe alivyoukusudia. Uhakiki unaanza kwa kumpa mwandishi nafasi yake.

Siku ya tatu Kiboko alikuwa ameua watatu kondeni. Vijana walikusanyika kwa kinyozi kusoma ukurasa wa habari, vicheko vimejaa, Kiboko anapigwa mgongo. Mzee mmoja alikuwa kwenye kiti ananyolewa ndevu. Akauliza wanacheka nini. Wakamweleza. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Waliuawa wamelala?" Kinyozi akazima mashine. Hakuna aliyemjibu. Kisha kijana mmoja akasema, "Ni gemu tu, mzee," na mzee akasema haya, akageuza shingo, mashine ikawashwa.

Wasomaji wasio wa huku niwakumbushe kwa ufupi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa delta hii katika mashambulizi kati ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao. Walikuwemo wanawake na watoto wengi. Ugomvi ulikuwa juu ya malisho, maji na ardhi, na siasa za mwaka wa uchaguzi nazo zilikuwa karibu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tulilala miezi kwa watu Malindi. Sitasema mimi ni wa upande gani; wa huku wakilisoma jina langu wanajua, na hilo ndilo tatizo lenyewe ninalolizungumzia.

Sisemi mchezo wa Mmarekani wa 1989 una hatia ya delta. Ingekuwa upuuzi. Wala sisemi kazi ya sanaa isiguse mauaji. Tungebaki na nini cha kusoma? Ninalosema ni kwamba kanuni ni maandishi kama maandishi mengine, na huwa na maana tofauti kulingana na mahali inaposomwa. "Aliyelala kondeni anaweza kuuawa" ukiisoma Oregon ni utani. Ukiisoma Garsen ni taarifa.

Usiku huo niliandika 0.

Na mchezo ukafa. Lazima niwe mkweli hapa, maana ingekuwa rahisi kumalizia makala kwenye ile sifuri nikajiona mtu mwema. Ilipoondoka hatari, hakuna aliyelipia chumba tena. Dhahabu ikakosa maana ya kuwekwa benki. Ukurasa wa habari ukawa unataja madude ya msituni tu, na nani anajali dude? Watu wakawa wanapita kijijini kila mmoja na msitu wake, kama abiria wa basi la usiku. Wiki mbili, wakabaki wanne.

Rafiki yangu, wa upande ule mwingine, ndiye Mamba Mdogo. Nilimwambia kwa nini niliweka sifuri. Akanitazama kama mtu aliyefanyiwa jambo bila kuulizwa. Akasema, "Sasa umeamua sisi hatuwezi kucheza." Nikamjibu si hivyo. Akasema, "Ni hivyo. Nairobi wangecheza, ungewaachia. Sisi umetufungia." Tulinyamaza tukinywa chai. Halafu akaongeza maneno ambayo yalinifanya nirudi kuusoma mchezo upya: "Mimi nikimkuta mtu kondeni nina kitufe cha kumuua. Cha kumwamsha je?"

Nikatafuta. Nikapitia menyu zote, herufi kwa herufi. Kuna herufi ya kumwandikia mwenzako barua. Kuna njia ya kumtumia dhahabu kupitia benki, hilo nampa Robinson pongezi. Unaweza kumtongoza mchezaji mwenzako, hata kumuoa. Unaweza kumhonga mwenye baa ili upate ufunguo wa aliyelala. Lakini hakuna, kijiji kizima, herufi ya kumkuta jirani amelala nje ukamwingiza ndani.

Hilo ndilo kosa la kazi hii, na ni kosa la kisanii kabla ya kuwa la maadili. Mwandishi ametunga usiku, ametunga konde, ametunga nyumba yenye vyumba, kisha akawapa watu wa kijiji tendo moja tu la kuunganisha vitu hivyo vitatu. Kila mtu aliyewahi kuishi kijijini anajua matendo ni zaidi ya hayo. Mwaka ule, nilipokuwa mtoto, kuna mbuzi wetu sita ambao hatukuwakuta zizini tulipotoroka. Miezi baadaye walirudishwa saba. Waliwatunza watu ambao kwa hesabu ya magazeti walikuwa adui zetu, na mmoja alikuwa amezaa. Hakuna ukurasa wa habari ulioandika hilo. Kijiji cha Robinson nacho hakina mahali pa kuliandika.

Ila aliacha mlango, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko wanariwaya wengi. Mchezo wenyewe, ambao ni mlango wa ubao, una milango yake ya ndani. Mtu mwingine anaweza kuandika programu ndogo, mahali papya pa kijiji, na mwenye ubao akaiongeza. Kuna faili linaloitwa 3RDPARTY.DAT, unaandika humo jina la programu yako, nayo inajitokeza kwenye orodha ya sehemu nyingine za kutembelea. Robinson alieleza waziwazi jinsi rekodi za wachezaji zilivyopangwa ili wengine waweze kuandika. Watu wakaandika kwelikweli: mabaa, mapango, makanisa, mashimo ya ajabu. Ni kama mtambaji anayesema paukwa, akanyamaza, akasubiri kwa dhati muitikie, tena muitikie kwa sentensi zenu.

Basi tukaitikia. Mimi na Mamba Mdogo tuliandika programu kwa lugha ya Pascal, kurasa tatu hivi ukiichapisha, tukaiita Zamu. Ni kwa Kiswahili, sehemu pekee ya kijiji iliyo kwa Kiswahili. Ukiingia unaambiwa usiku umetanda, na unaonyeshwa majina ya waliolala kondeni. Unachagua mmoja, unalipa dhahabu 50, programu inafungua rekodi yake na kubadilisha kitu kimoja tu, ile alama inayosema yuko nje au ndani. Akiamka kesho anakuta barua: fulani alikuingiza. Kisha nikarudi LORDCFG, kwenye swali lile lile, nikaandika 1.

Ningependa kuwaambia kijiji kikawa chema. Wiki ya kwanza Zamu ilitumika mara tano, nne kati ya hizo ni Mama Maembe, ambaye ni mwalimu na huwaingiza wote anaoweza kuwalipia kisha analala kondeni mwenyewe kwa kuishiwa. Wiki ya pili Kiboko aligundua ujanja. Alikuwa anawaingiza ndani watu wenye dhahabu nyingi mapema jioni, ili wengine wasiwakute kondeni, halafu usiku anamhonga mwenye baa na kuwafuata chumbani. Wakiamka, barua ya kwanza inasema Kiboko alikuingiza, na ukurasa wa habari unasema Kiboko alikuua.

Mamba Mdogo alitaka tuzibe mwanya huo. Mistari miwili tu ya programu, aliyeingizwa asiguswe na aliyemwingiza. Nilikataa, na tumegombana kidogo. Hoja yangu ni hii: mchezo wa Robinson ulikuwa na tendo moja, kwa hiyo Kiboko hakuwa mhusika, alikuwa mchezaji hodari tu. Sasa kuna matendo mawili, na Kiboko amekuwa msaliti. Kijiji kizima kinalijua, kwa kuwa jina lake limeandikwa pande zote mbili. Juzi alilala kondeni, dhahabu tele mkononi, na hakuna aliyelipa 50. Hata Mama Maembe alimruka. Nilimuuliza kwa nini, akasema alikuwa na hela za mtu mmoja, na ilibidi achague.

Mimi nasema hapo ndipo Legend of the Red Dragon ulipoanza kusomeka Garsen. Mamba Mdogo anasema ninajificha nyuma ya fasihi, kwamba ukishajua mlango unavyotumiwa vibaya na ukauacha wazi, wewe ndiye mwenye mlango. Inawezekana ana haki. Ameshaiandika ile mistari miwili, iko kwenye flashi yake. Ameniambia ataniletea Ijumaa baada ya swala, na kwamba safari hii tuwaulize wachezaji wenyewe kabla sijagusa tarakimu yoyote.